Mambo? Swali la Jumatatu Lililotoka Pumwani



Katika adabu zetu, mtu hamuulizi mwenziwe jambo lolote kabla ya kumjulia hali. Habari za asubuhi, habari za nyumbani, watoto hawajambo, mzee anaendeleaje. Na kila swali hujibiwa kwa "njema" au kwa "alhamdulillahi", hata na yule aliyekesha akitetemeka kwa homa. Jibu la kwanza ni la heshima. Jibu la kweli huja baadaye, pengine baada ya kikombe cha chai, pengine mlangoni wakati mgeni anavaa viatu vyake. Kila mwanamke aliyewahi kuuguza analijua hilo, na ndiyo sababu haondoki haraka.

Siku hizi madaktari wanazungumza sana juu ya kumfuatilia mgonjwa akiwa nyumbani kwake, kwa simu na kwa vifaa vidogo vya kupimia, bila ya kumlazimisha kupanga foleni hospitalini kila wiki. Wengi wetu tunadhani jambo hili limetoka Ulaya na Marekani, nasi tunalipokea mwisho kama tunavyopokea mitumba. Sivyo. Mojawapo ya majaribio ya mwanzo yaliyothibitisha, kwa hesabu na si kwa maneno matupu, kwamba simu ya mkononi inaweza kumsaidia mgonjwa aendelee na dawa zake, lilifanywa nchini mwetu, na kliniki yake moja ilikuwa Pumwani, upande wa mashariki wa Nairobi. Na chombo kilichotumika kilikuwa neno moja tu la salamu: "Mambo?"

Wasomaji wetu wa Mombasa, Lamu na Malindi wenye jamaa Nairobi hawahitaji kuelezwa Pumwani ni wapi. Ni mtaa wa Majengo, ni Barabara ya Digo, ni msikiti wa Riyadha, na soko la Gikomba likivuma pembeni. Wakoloni walipovunja vijiji vya kwanza vya Waafrika mjini, kimoja chao kikiitwa Maskini na kingine kikiitwa Mombasa, watu walihamishiwa Pumwani katika miaka ya 1920. Pangani ilipovunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930, wengine waliishia Shauri Moyo. Nyumba nyingi za awali katika vijiji hivyo na katika Pumwani yenyewe zilijengwa na kumilikiwa na wanawake, wengi wao Waislamu, waliokuja mjini mikono mitupu wakajipatia paa kwa jasho lao. Nyumba hizo zilikuwa za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na kuta ambazo hazikuzuia sauti. Anayekohoa chumba cha mwisho husikika chumba cha kwanza. Kumbuka ukuta huo, tutaurudia.

Mwezi wa Mei 2007, miezi miwili tu baada ya M-Pesa kuanza, watafiti wa Kenya na Kanada wakiongozwa na daktari Richard Lester walianza kuandikisha wagonjwa waliokuwa ndio kwanza wanaanza dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Kliniki zilikuwa tatu: ya Pumwani, ya Hospitali ya Coptic iliyo pia Nairobi, na ya Kajiado kwa ndugu zetu Wamasai. Walioandikishwa walikuwa 538. Kwa kura, 273 kati yao waliwekwa katika kundi la kupelekewa ujumbe wa simu, na 265 wakaendelea na huduma ya kawaida.

Utaratibu wenyewe ulikuwa mwepesi kiasi cha kumfanya mtu acheke. Jumatatu asubuhi muuguzi alipeleka neno "Mambo?" kwa kila mgonjwa wa kundi lake. Mgonjwa alikuwa na saa 48 za kujibu, na majibu yaliyotarajiwa yalikuwa mawili: "Sawa", au "Shida". Aliyeandika Shida alipigiwa simu na muuguzi akaulizwa kulikoni. Na asiyejibu kabisa alipigiwa simu vilevile.

Hapo ndipo penye hekima yote, kwa maoni yangu. Ujumbe haukumwambia mgonjwa ameze dawa. Haukumtisha wala haukumhesabia vidonge. Ulimjulia hali, kisha ukanyamaza ukingoje. Na kimya chake kilihesabiwa kuwa ni jibu. Katika jumbe zote zilizotumwa, zilizorudi na neno Shida zilikuwa chache mno, takriban 3 katika kila 100. Lakini karibu theluthi moja hazikujibiwa ndani ya muda uliowekwa. Mwenye shida kubwa mara nyingi hana salio, au simu yake imezima chaji, au ameiuza, au amelala hajiwezi. Mashine inayongoja mgonjwa abonyeze kitufe cha dharura haitamwona mtu huyo. Muuguzi anayeuliza mbona fulani hajajibu tangu juzi, atamwona.

Matokeo yalichapishwa mwezi wa Novemba 2010 katika jarida la The Lancet. Dawa hizi zina masharti magumu: watafiti waliwahesabu kuwa wametimiza wale tu waliomeza zaidi ya 95 katika kila dozi 100. Katika kundi la Mambo, wagonjwa 168 kati ya 273 walitimiza, yaani 62 katika kila 100. Katika kundi jingine walikuwa 132 kati ya 265, yaani 50 katika kila 100. Na kwa kuwa mtu anaweza kusema amemeza hali hakumeza, damu nayo ilipimwa: virusi vilikuwa vimezimwa kwa 57 katika 100 wa kundi la kwanza, na kwa 48 katika 100 wa kundi la pili. Maana yake ni kwamba kwa kila watu 11 walioulizwa "Mambo?" kila wiki, mmoja zaidi alidhibiti virusi ambaye asingevidhibiti. Gharama ya ujumbe mmoja ilikuwa kama senti 5 za dola. Sijui dawa gani nyingine hospitalini inayomwokoa mmoja katika 11 kwa bei hiyo.

Wapo watakaouliza kwa nini gazeti la familia za Kiislamu lizungumzie UKIMWI. Kwa sababu ugonjwa huu haukuuliza dini ya mtu ulipoingia Majengo, wala ulipoingia Kisauni na Likoni. Wapo mama zetu walioletewa na waume zao ndani ya ndoa halali, wapo mayatima waliolelewa na bibi zao, na wapo vijana waliozaliwa nao. Tulizika watu wengi katika miaka ya 1990 huku tukisema ni homa ya kifua. Anayemeza dawa zake leo anaishi, anafanya kazi, anaolewa na anazaa mtoto mzima; lakini ni lazima ameze kila siku, maisha yake yote, na hapo ndipo wengi huchoka.

Turudi kwenye ule ukuta. Neno "Mambo?" lilichaguliwa kwa uangalifu. Halina jina la kliniki, halina jina la ugonjwa, halina neno dawa. Akilisoma mume, mama mkwe, au mtoto anayechezea simu, ni salamu tu kama salamu zote za mjini. Watafiti waliwapokea hata wale waliotumia simu ya mwenzao, kwa kuwa mwaka 2007 wengi walikuwa wakishirikiana simu moja nyumba nzima. Sasa linganisha na baadhi ya jumbe tunazopokea leo kutoka kwa mahospitali na maduka ya dawa: jina lako lote, jina la daktari, jina la ugonjwa, tarehe ya kuja kuchukua dawa, zote zikimulika kwenye kioo cha simu iliyowekwa juu ya meza ya chakula. Dini yetu inatufundisha kwamba siri ya mtu ni amana na kwamba anayemsitiri mwenziwe ana malipo makubwa. Wauguzi wa Pumwani, Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu, walilitimiza hilo kwa neno moja lenye herufi tano.

Nisiwafiche, hadithi haikuishia kwenye ushindi mtupu. Watafiti wengine, katika hospitali ya Chulaimbo kule Nyanza, walijaribu kuwapelekea wagonjwa wa dawa hizi hizi ujumbe wa kuwakumbusha, wengine kila siku, wengine mara moja kwa wiki. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2011. Wa kila wiki walinufaika: 53 katika 100 walishika dawa zao barabara, ilhali wasiopelekewa walikuwa 40 katika 100. Wa kila siku hawakunufaika hata kidogo. Waliowahi kuishi na mtu wa kukumbusha jambo lile lile asubuhi na jioni hawatashangaa. Sikio huziba lenyewe.

Kisha neno "Mambo?" likapelekwa Kibera, kwa watu 700 waliokuwa wanaanza kuhudhuria kliniki. Safari hii swali lilikuwa tofauti: je, ujumbe utawazuia wasipotee katika mwaka wa kwanza? Jibu lilitoka mwaka 2018, nalo lilikuwa hapana. Waliopelekewa ujumbe na wasiopelekewa walibaki sawasawa, kama 80 katika kila 100 kwa kila upande. Mimi nalipenda jaribio hili la pili kuliko la kwanza, kwa kuwa linatuzuia kuifanya simu kuwa hirizi. Salamu inamsaidia mtu aliyekwisha kushika njia asichoke njiani. Haijengi njia. Anayeacha kliniki kwa sababu amehamia bara, au kwa kukosa nauli, au kwa kuwa mwajiri hampi ruhusa siku ya katikati ya wiki, hatarudishwa na neno la herufi tano.

Leo mambo yamepanuka. Tarehe 25 Septemba 2023 serikali ilizindua ugawaji wa vifaa kwa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchini kote. Kila mmoja alikusudiwa apate begi lenye kipimo cha presha, kipimo cha sukari, kipimajoto, mizani, na simu ya kuandikia anayoyaona nyumba hadi nyumba. Ukikaa Bahati, Jericho, Kariobangi, Dandora au Kayole, huenda umekwisha kumwona mama mwenye begi hilo akibisha hodi. Wengi wao ni wanawake, jirani zetu wenyewe. Malipo waliyoahidiwa ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti, na mara kwa mara wamelalamika kwamba hata hizo huchelewa. Mpeni kiti na maji. Na kama ndani hamna mwanamume wa nyumba au hamko tayari, mwambieni arudi saa fulani. Msimjibu kupitia dirishani kama mdai wa kodi.

Sasa tuingie nyumbani kwetu, maana vifaa hivi havipo mikononi mwa wahudumu peke yao. Duka la dawa lolote Eastleigh au Buruburu linauza mashine ya presha, na vijana walio Ughaibuni huzileta kwenye masanduku pamoja na manukato. Mashine inakaa kabatini, anatolewa mzee akilalamika kichwa, anapimwa juu ya mkono wa kanzu au juu ya buibui, akiwa ndio kwanza amepanda ngazi za ghorofa ya nne, huku watu watatu wakimsemesha. Inasoma 178. Nyumba nzima inaingia hofu.

Presha haipimwi hivyo. Mgonjwa akae kwenye kiti chenye mgongo, miguu chini isipishane, mkono uwekwe mezani usawa wa moyo, na apumzike dakika tano bila kuzungumza. Asiwe amekunywa kahawa au kuvuta sigara katika nusu saa iliyotangulia, na kibofu kiwe kitupu, kwa hiyo aende msalani kwanza. Kitambaa cha mashine kifungwe juu ya ngozi, si juu ya nguo. Wanawake wetu wanaotaka sitara na wapimwe chumbani na mwanamke mwenzao. Hilo halina uzito wowote. Pima mara mbili, dakika moja kati ya kipimo na kipimo, uandike zote. Mashine ya mkono wa juu ni bora kuliko ya kifundo, na mama mnene anahitaji kitambaa kikubwa, kwani kile kidogo kitaongeza namba isiyokuwapo. Na jua kwamba namba ya nyumbani haisomwi kama ya hospitali. Hospitalini madaktari huanza kuwa na wasiwasi inapofika 140 kwa 90; nyumbani, ambako mtu ametulia, mpaka ni 135 kwa 85. Wapo ambao presha yao hupanda kila wamwonapo mtu wa koti jeupe, na wapo kinyume chao, ambao kliniki huonekana wazima na nyumbani hupanda. Daftari la wiki moja, asubuhi na jioni, humwambia daktari mengi kuliko kipimo kimoja cha siku ya foleni.

Mwezi wa Ramadhani una suala lake. Wapo wenye sukari wanaoogopa kujipima mchana kwa kuhofia kwamba tone la damu litavunja saumu. Wanazuoni wengi wa zama zetu wamekwisha kusema kwamba kutoboa kidole kwa ajili ya kupima hakubatilishi saumu, na madaktari wanaowaandikia Waislamu wenye kisukari muongozo wa Ramadhani, chini ya Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, wameliweka hilo wazi. Muongozo huo unasema pia kwamba sukari ikishuka chini ya 3.9, au ikipanda zaidi ya 16.6, mtu afuturu pale pale, hata ikiwa zimebaki dakika kumi za adhana ya magharibi. Baadhi ya mashine huonyesha namba za aina nyingine, na huko mipaka hiyo ni 70 na 300. Mgonjwa amepewa ruhusa na Mola wake. Anayeikataa ruhusa hiyo ili majirani wasimseme hajafanya ibada kubwa zaidi. Anayetumia sindano ya insulini asibadilishe kipimo kwa kusikia, bali amwone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, na kwa suala la fiqhi amuulize sheikh wake.

Kuna kifaa cha tatu, kile cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni ya damu. Kiliingia majumbani mwetu wakati wa korona, wagonjwa wengi walipoambiwa wajitenge nyumbani. Ni kifaa kizuri, lakini kina kasoro inayotuhusu sisi hasa. Kinapima kwa kupitisha mwanga kwenye kidole, na ngozi nyeusi hukidanganya. Mwaka 2020 madaktari wa Marekani walionyesha kwamba upungufu mkubwa wa oksijeni uliofichwa na kifaa hicho ulitokea kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe: 11.7 katika 100 dhidi ya 3.6. Kwa hiyo mgonjwa anayehema kwa nguvu, mdomo ukibadilika rangi, asizuiliwe nyumbani kwa sababu kidole kimesoma 93. Tazama mtu kabla ya namba. Tena rangi ya kucha na piko huweza kuzuia mwanga usipite, nasi hatuishi bila harusi. Tafuta kidole ambacho hakijatiwa kitu.

Yote haya ya kupima na kuandika hufanywa na nani? Hapo ndipo wataalamu hupita haraka, nami sitaki kupita. Wanaposema mgonjwa atafuatiliwa nyumbani, wanamaanisha kuna mwanamke nyumbani atakayefanya kazi iliyokuwa ya muuguzi, bila mshahara, bila zamu, bila likizo. Ni binti aliyeacha duka lake Gikomba kwa sababu mama amepooza upande mmoja. Ni mke wa mwana anayempima mkwewe saa kumi na moja alfajiri kabla ya kuwaandaa watoto kwenda skuli. Kisha kaka aliye Doha au Leicester, ambaye Mungu amembariki na ndiye aliyenunua mashine, anataka apelekewe picha ya namba kwa WhatsApp kila asubuhi, na namba ikiwa mbaya anauliza: "Mmempa chakula gani?" Ndugu yangu uliye mbali, dada yako si mashine. Ukitaka kufuatilia hali ya mama, fuatilia na hali ya anayemuuguza. Mtumie fedha za kumweka msaidizi siku mbili kwa wiki. Na ukipiga simu, mara moja moja muulize yeye kwanza.

Bibi zetu nao wana haki yao katika jambo hili. Nimesikia watoto wakiwafungia wazee wao saa za mkononi zinazopeleka mapigo ya moyo kwa simu za watu watano, na mzee hakuulizwa. Mtu mzima mwenye akili timamu ndiye mwenye mwili wake na habari za mwili wake. Anaweza kukubali zijulikane na binti mkubwa tu, zisijulikane na wakwe. Si ukaidi huo.

Sheria ya nchi iko upande wake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imeziweka habari za afya katika fungu la habari nyeti zenye ulinzi wa ziada, na mwaka 2023 ikafuata Sheria ya Afya ya Kidijitali. Lakini sheria haimlindi asiyeuliza. Hospitali, kampuni ya bima au duka la dawa likikuomba ujiunge na programu ya kukufuatilia kwa simu, uliza kabla ya kutia kidole: ujumbe wenu utaandikaje, na unaonyesha jina la ugonjwa? Nani mwingine atazisoma namba zangu, na mwajiri wangu yumo? Zikija namba mbaya Jumamosi usiku, nani yuko macho upande wenu? Nikinyamaza wiki nzima, nani atanipigia? Nikitaka kujitoa, nitatokaje? Wakijibu maswali haya vizuri, jiunge, nayo ni neema. Wakijibu kwamba mtambo utajishughulikia wenyewe, basi huo ni mtambo wa kuhifadhi namba, si wa kumhifadhi mtu.

Misikiti yetu ya Eastlands ingeweza kufanya kitu kidogo hapa bila ya kungoja wafadhili. Katika kila msikiti wenye darsa ya wanawake wapo kina mama wanaojuana kwa majina na kwa milango. Kumzuru mgonjwa ni haki ya Mwislamu juu ya mwenziwe, na sisi huitekeleza kwa kwenda kundi zima siku ya kwanza, tukaleta maembe na juisi, kisha tukapotea hadi siku ya maziko. Wagonjwa wa siku hizi hawafi kwa wiki moja. Wana presha ya miaka ishirini, sukari ya miaka thelathini. Orodha ya majina kumi na mawili, simu moja, swali moja kila Jumatatu, na kina dada wawili wa kumpitia asiyejibu. Muuguzi mmoja mstaafu wa mtaani awepo wa kushauri nani apelekwe kliniki. Orodha isibandikwe ubaoni na isisomwe kwenye kipaza sauti, wala isitumwe kwenye kundi la WhatsApp la jamaa wote. Ibaki kwenye daftari la mtu mmoja anayeaminika.

Jambo la mwisho ni dogo, lakini linaweza kumpoteza mgonjwa. Ukibadilisha laini ya simu, au simu ikiibwa kwenye matatu ya kutoka mjini, nenda kliniki siku ile ile utakayopata laini mpya ukamwandikishe muuguzi namba yako, na namba ya mtu mmoja wa pili unayemwamini. Liandike pia jina la kliniki na namba yake ndani ya jalada la daftari lako la presha, kwa kalamu, kwa herufi kubwa ambazo mtoto wa darasa la tatu anaweza kuzisoma na kuzipiga.